Kijiji kilizama, na kitabu chake nacho

Mwendesha boda aliyenipeleka Simbi alizima injini kabla hatujafika ukingoni, akaiacha pikipiki ijiteremkie yenyewe. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Chini yetu ziwa lilikuwa kijani, kijani kizito cha kuteleza, kama mboga ya apoth iliyotiwa magadi ikaachwa jikoni usiku kucha. Pembezoni heroe walikuwa wametumbukiza midomo majini, wakitembea hatua mbili, wakisimama, wakitembea tena. Harufu ilikuwa ya chumvi na mavi ya ndege.

"Kijiji kiko chini pale," alisema, akielekeza kidole katikati ya maji kana kwamba ananionyesha duka.

Kisha akanisimulia. Kulikuwa na sherehe, pombe imejaa mitungi, ngoma zinalia. Akaja bikizee mmoja, mgeni, amelowa, anaomba mahali pa kujisitiri na baridi. Walevi wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia akamwingiza kwake. Bikizee akamwambia: mchukue mumeo, tokeni kijijini usiku huu huu. Walipokwisha kutoka, mvua ikafungua mlango wake, na Simbi ikaenda chini na watu wake, ng'ombe wao na ngoma zao. Ndiyo maana ya jina, Simbi Nyaima, Simbi iliyozama.

Nikamwuliza aliisoma wapi hadithi hiyo. Akacheka mpaka akashika usukani. "Nisome wapi, dada? Dani ndiye aliyenipa." Dani ni nyanya, na kwa Wajaluo simulizi za usiku ni mali yake kabla hazijawa za mtu mwingine yeyote.

Lakini ipo iliyoandikwa. Mwaka 1983 mwandishi Grace Ogot alichapisha kitabu kiitwacho Simbi Nyaima, kwa Dholuo, lugha ambayo bikizee yule angeomba hifadhi kwayo. Nilikuwa nimekuja kusini mwa Nyanza kukitafuta kitabu hicho mahali ambapo hadithi yake inaishi. Nilidhani ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Wanajiolojia wana maelezo yao, nayo si mabaya. Simbi ni kasoko, shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, kilomita chache kutoka mji wa Kendu Bay. Ukilizunguka bila haraka utatumia nusu saa au zaidi kidogo, lakini kina chake kinapita mita 20. Maji yake ni ya magadi, ingawa Ziwa Victoria lenye maji matamu liko karibu sana, na ni vijimea vidogo mno vya majini vinavyoyapa rangi ile na kuwalisha heroe. Serikali ilipatangaza kuwa hifadhi mwaka 2000. Wenyeji wamekuwa wakichota pale udongo wa chumvi wa kulambisha mifugo tangu zamani. Nilipomweleza mwendesha boda habari za mlipuko alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa huo mlipuko ulianzia wapi kama si kwa yule mama?"

Grace Ogot hakuwa mtu wa upande huu. Alizaliwa Mei 1930 Asembo, ng'ambo ya pili ya ghuba, katika Siaya ya leo, akiitwa Grace Emily Akinyi. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Asembo kupata elimu ya kizungu, Mwanglikana aliyefundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Nyumbani mtoto alipewa vyakula viwili: baba akisimulia Agano la Kale, nyanya akisimulia sigana, ngano za Kijaluo. Atakayesoma hadithi zake fupi atavionja vyote viwili, dhabihu na majini ya ziwani katika sahani moja.

Alisoma Ng'iya na Butere, akaenda Mengo, Uganda, kujifunza uuguzi kuanzia 1949, halafu London kwa ukunga. Huko huko London akaingia studio za BBC, akiandika na kusoma vipindi vya redio kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 aliolewa na Bethwell Allan Ogot wa Gem, mwanahistoria aliyetumia maisha yake kuthibitisha kwamba masimulizi ya wazee wa Kijaluo ni ushahidi wa historia sawa na karatasi yoyote. Nimewahi kujiuliza maongezi ya mezani kwao yalikuwaje: mume anauliza jambo lilitokea lini, mke anauliza aliyetendewa alihisi nini.

Kazi alizofanya ni nyingi, na sitazipanga zote. Alikuwa mkunga na mwalimu wa wauguzi Maseno, mtangazaji na afisa wa maendeleo Kisumu, afisa uhusiano wa shirika la ndege la Air India. Baadaye siasa: Rais Moi alimteua mbunge mwaka 1983, watu wa Gem wakamchagua wenyewe 1985, akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Katika ofisi zote hizo alikuwa anaandika. Uuguzi ndio uliomfaa zaidi kama mwandishi, kwa maoni yangu. Mtu aliyepokea watoto usiku na kuwavisha wafu sanda haandiki mwili kwa aibu.

Mwaka 1962 alikwenda Makerere, Kampala, kwenye ule mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika, akawasomea wenzake hadithi yake, "A Year of Sacrifice". Achebe alikuwapo, Soyinka alikuwapo, na kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa bado akiitwa James Ngugi. Mkutano ule uliitishwa kwa ajili ya wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi wa Kiswahili aliyekufa mwezi huo huo wa Juni, asingekuwa na kiti mle ndani hata kama angefika. Ogot alishangaa jambo jingine: katika maonyesho ya vitabu na sanaa, Afrika Mashariki haikuwa na kitu.

Hadithi aliyosoma siku ile ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na baadaye ikajulikana kama "The Rain Came". Mvua imegoma, na Oganda, binti wa mtemi Labong'o, ametakiwa atolewe kwa joka la ziwa ili inyeshe. Wazazi wanalia, kijiji kinasherehekea, na msichana anatembea peke yake kuelekea majini. Wengi wa kizazi changu walikutana nayo shuleni bila kukumbuka aliyeiandika. Wakumbuke basi. Na wakumbuke kwamba mkuu wa shirika la vitabu la kikoloni, East African Literature Bureau, alipopelekewa hadithi hizo alishindwa kuelewa iweje mama Mkristo aandike mambo ya kafara na waganga. Ogot alirudi nazo nyumbani.

Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitolewa na East African Publishing House mwaka 1966, mwaka ule ule Flora Nwapa wa Nigeria alipotoa Efuru. Ndani yake kuna barabara ninayoijua, kwa hiyo nikapanda matatu kwenda Migori.

Ochola, kijana wa Seme, anasikia kwamba Tanganyika ardhi ni ya bure na rutuba yake haijaguswa. Mkewe Nyapol hataki kwenda. Wanakwenda. Wanatajirika upesi, na upesi huo unamkera jirani mganga, mpaka Ochola anaota miiba mwilini, ngozi nzima kama ya nungunungu, na hospitali ya mzungu haina la kufanya. Mganga aitwaye Magungu ndiye anayemponya, kwa sharti moja: waondoke papo hapo, waache mashamba, waache ng'ombe, warudi kwao mikono mitupu.

Ukikaa Migori nusu siku utaelewa kwamba hii si ngano tu. Stendi pale makondakta wanaita "Isebania! Isebania!" kama vile mpaka ni kituo cha kushukia watu wa sokoni, na kwa hakika ndivyo ulivyo. Ng'ambo kuna Sirare, na zaidi ya hapo Rorya: Utegi, Shirati, mahali ambapo Dholuo kinasemwa kwa lafudhi iliyokaa na Kiswahili cha Tanzania muda mrefu. Mama aliyeketi kando yangu, akiwa na ndoo ya omena mapajani, alisema babu yake alivuka kutafuta shamba na hakurudi, kwa hiyo wana wajomba upande ule wanaokuja matangani kwa pasipoti za muda. Nilimwuliza kama wajomba walitajirika. "Walipata ardhi," akajibu, na hapo akafunga mdomo kwa namna ya mtu anayejua kwamba swali lililobaki ni la ukoo.

Wahakiki wengi wamelaumu riwaya hii kwamba lugha yake ni nyepesi na miiba ile haiaminiki. Nyepesi ni kweli. Kiingereza chake mara nyingi ni kama nguo ya kuazima, inatosha lakini haimkai mabegani. Ila miiba mimi naiamini. Wivu wa ardhi unatafuta mahali pa kutokea, na Ogot alichagua ngozi. Anayebaki nami hata hivyo ni Nyapol, mke aliyejua tangu mwanzo, aliyefuata kwa sababu ya kufuata, na ambaye hakuna sura hata moja inayompa nafasi ya kusema "nilikwambia". Ogot wa kweli yumo katika hadithi fupi: Land Without Thunder ya 1968, The Other Woman ya 1976. Humo anamwacha mtu na hofu yake katika chumba kimoja na hapapasi kutafuta mlango.

Kisha kuna kisiwa cha Rusinga. Mwanasiasa Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akaletwa kuzikwa kisiwani kwao, na kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Kwa miaka mingi waandishi wa siasa wameyaeleza mauaji yale kwa majina ya walioketi mezani na waliofaidika. Ogot aliandika mazishi. Hadithi hiyo ndiyo iliyoupa jina mkusanyo wake wa 1980, The Island of Tears, na anachokitazama ni kisiwa kinachopokea maiti ya mwanawe, maji, mitumbwi, watu. Leo unavuka daraja la Mbita kwa dakika moja na kufika Kasawanga kabla kiti cha boda hakijapata moto. Wakati ule walivuka maji.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonileta. Ilipofika 1981, mwandishi huyu aliyekwishapata jina kwa Kiingereza aligeuka. Kwa miaka mitatu alitoa vitabu vinne vya Dholuo: Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983. Ngũgĩ, yule mwanafunzi wa Makerere, naye alikuwa ametoa Caitaani Mũtharaba-Inĩ mwaka 1980, akiwa ameiandika gerezani kwenye karatasi za chooni, na dunia nzima ilisikia. Kugeuka kwa Ogot hakukuwa na gereza wala ilani, na labda ndiyo sababu hakukuandikwa sana. Wanawake hugeuza mambo makubwa huku wakiendelea na zamu zao.

Hakuwa peke yake. Asenath Bole Odaga aliandika kwa Dholuo pia na kuanzisha duka na kampuni ya vitabu Kisumu. Aliigusa Simbi katika tamthilia, na akamwandika Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi aliyevua mwanamke kwa wavu, akatajirika, akamtukana, na kuona mali yote ikimfuata mwanamke yule kurudi ziwani. Okoth Okombo, mwanaisimu, alitoa Masira ki Ndaki mwaka huo huo wa 1983, na ni yeye aliyeitafsiri Miaha kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina The Strange Bride. Wakenya wengi wasiojua Dholuo waliisoma kwa mlango huo. Ni habari ya bibi harusi aliyevunja mwiko wa jembe, jembe lililokuwa likilima lenyewe, na tangu hapo sisi wote tunainama.

Uchapishaji wa Dholuo wenyewe ulipata mizizi hapa hapa kusini. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baada ya miaka michache wakaweka mtambo wa kuchapa. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo na mchungaji wao, aliandika Luo Kitgi gi Timbegi, mila na desturi za Wajaluo, kitabu cha 1938 ambacho wazee bado hukitaja wanapobishana juu ya nani anapaswa kukaa upande gani wa boma. Kwa hiyo mtu asiseme watu wa huku hawakuzoea kusoma lugha yao.

Nilimkumbuka hapo mwandishi wa mbali, Thakazhi Sivasankara Pillai wa Kerala, kusini mwa India, aliyeandika kwa Kimalayalam. Riwaya yake Chemmeen, ya 1956, ni ya wavuvi. Wanaamini kwamba mume akiwa baharini, uhai wake uko mikononi mwa mkewe aliye nchi kavu: akikosa uaminifu, Mama Bahari atamchukua mume. Msomee mvuvi yeyote wa Sori au Muhuru habari hiyo, hatakuuliza Kerala ni wapi. Chemmeen ilipata tuzo ya taifa, ikawa filamu mwaka 1965, ikatafsiriwa kila upande, na haikuacha kusomwa nyumbani. Tofauti haikuwa kipaji. Waandishi wa Kerala walikuwa wameanzisha chama cha ushirika mwaka 1945 mjini Kottayam, wakichapa vitabu vyao na kuviuza wenyewe katika maduka yao, na nyuma yao kulikuwa na mamilioni ya wasomaji wenye maktaba vijijini. Wajaluo waliohesabiwa Kenya mwaka 2019 walipita milioni 5. Si watu wachache. Ushirika wao ni wa samaki na wa miwa.

Simbi Nyaima ilitolewa na Anyange Press ya Kisumu, kampuni ya akina Ogot wenyewe, yaani mwandishi alilazimika kuwa pia mchapaji, mwenye ghala na mtembezaji wa mzigo. Miaha ilitolewa na Heinemann, Nairobi.

Homa Bay mjini niliingia maduka matatu ya vitabu. La kwanza lilikuwa na vitabu vya mtaala mpya kuanzia sakafuni hadi darini, kalamu za rangi, na sare za shule. "Dholuo? Tuna Biblia na kitabu cha nyimbo," alisema kijana wa kaunta. La pili, vivyo hivyo. La tatu mwenye duka aliuliza kama kimo katika vile vinavyotahiniwa. Nilipomwambia hakimo alinitazama kwa huruma ya kweli.

Nilichokipata mwishowe nilikipata Rodi Kopany, kwa mwalimu mstaafu ambaye jina lake nilipewa na mwalimu mwingine. Alitoka chumbani amekishika kwa mikono miwili, kimefungwa ndani ya gazeti, gazeti ndani ya karatasi ya nailoni. Jalada lilikwishang'oka na kushonwa kwa uzi mweusi. Nikamwomba ruhusa ya kukitoa nakala.

"Hapana, nyara," akasema, yaani binti yangu. "Ukikikandamiza kwenye ile mashine mgongo utavunjika. Kisome ukirudishe."

"Nitakirudisha kesho jioni, Mwalimu."

"Vizuri. Niachie kitambulisho."

Nikamwachia kitambulisho. Sijawahi kukopa kitabu kwa dhamana kubwa kama ile.

Siku ya pili nilikuwa Kendu Bay, chini ya mwavuli wa mama anayekaanga ngege karibu na gati. Dholuo changu kusoma kinakwenda mwendo wa konokono, kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa sauti ili masikio yasaidie macho. Baada ya kurasa mbili niliona kisu chake kimetulia. Binti yake akaacha kumenya vitunguu. Mteja mmoja, mvuvi mwenye buti za mpira, alisahau chenji. Nilikosea neno, binti akanirekebisha. Nikakosea jingine, wakanirekebisha watatu. Nilipofika kwa bikizee, yule mama akapiga ulimi.

"Ah-ah. Si hivyo."

"Ndivyo kilivyoandikwa, mama."

"Huyo aliyeandika ni wa wapi?"

"Asembo."

"Basi," akasema, akageuza samaki. "Asembo waliisikia kwa kuvukiwa. Kwetu hakuomba alale. Aliomba moto tu, akauchukue aende nao."

Mvuvi akapinga. Kwao aliomba chakula. Walibishana mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi, na katika ubishi huo wote hakuna aliyesema hadithi haikuwahi kutokea, wala aliyeona ajabu kwamba imo kitabuni. Kilichowaudhi ni kwamba kitabu hakikuja kwao kuuliza. Mama akanitaka niendelee, "tusikie Asembo wamesemaje," nami nikaendelea mpaka ngege wangu akapoa.

Jioni nilirudi Rodi Kopany. Grace Ogot alifariki Machi 2015, mumewe akamfuata Januari 2025, na nilikuwa nimejiandaa kumwuliza mwalimu kama aliwahi kukutana na mmoja wao. Sikupata nafasi. Alikipokea kitabu, akakifungua juu ya meza, akavaa miwani, akalamba kidole, na akahesabu kurasa moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Ndipo akaenda chumbani kuniletea kitambulisho.